Nani Huandika Cheti cha Dawa?

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Kamati imenipa dakika arobaini na swali moja. Je, chama chetu kitumie mchango wa mwaka huu kununulia chumba cha wagonjwa cha shule sanduku la dawa, na hasa dawa za kuua vijasumu, zile ambazo wengi tunaziita antibayotiki, ili kijana akishikwa na homa usiku asisubiri kupambazuke? Mtoa hoja ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, na hoja yake ameileta kwa huruma. Mwaka juzi kijana mmoja wa bweni alikohoa wiki nzima kabla hajapelekwa popote. Hilo halikuwa jambo jema, na wala sitalitetea.

Hata hivyo mimi naipinga hoja. Ila sipendi kuipinga kwa neno moja halafu nikae. Nimekuwa tabibu katika zahanati na vituo vya afya vya upande huu tangu 1984, enzi ambapo kila kitu kilikuwa Wilaya ya Mbozi ya Mkoa wa Mbeya, nikaendelea mpaka Mkoa wa Songwe ulipozaliwa Januari 2016 na miaka michache baada ya hapo. Nimeona jinsi kidonge kinavyofika mkononi mwa mgonjwa wa Tunduma. Safari yake huanza mbali sana na chumba cha tabibu, na nisipoieleza safari hiyo, hoja yangu itaonekana kama ubahili wa mzee.

Watu husema, "Daktari kaniandikia amoksilini," kana kwamba daktari alikaa peke yake akafikiri, akachovya kalamu akaandika. Kumbe chumbani mle wamo wengine wasioonekana. Yumo aliyetunga orodha ya dawa za taifa. Yumo aliyepakia gari la Bohari ya Dawa. Yumo aliyeamua nani alipie na nani atibiwe bure. Yumo pia aliyeandika sheria ya maduka. Hao wote wameshika kalamu ile pamoja na tabibu, na mara nyingine mkono wao una nguvu kuliko wake.

Nianze na boksi. Wenzangu wa rika langu mnakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, na zahanati zilizojengwa vijijini baada yake. Majengo yalikuwepo. Kabati ndilo lililokuwa tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa imetoka vitani Uganda, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna, na mgonjwa aliweza kutembea kutoka Ileje mpaka zahanati akakuta tabibu mwenye adabu na kabati lenye vumbi. Hapo nyuma, mwaka 1977, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, dawa mia mbili na kidogo, likisema kwamba nchi maskini haihitaji maelfu ya dawa, inahitaji chache zilizochaguliwa vizuri na zisizokosekana. Serikali yetu ikaishika fikra hiyo. Katika miaka ya 1983 na 1984 ulianza Mpango wa Dawa Muhimu, kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF, na kila zahanati ikawa inapata boksi lake lililofungwa na kupigwa lakiri, la kutosha mwezi mmoja.

Boksi lile liliokoa watoto wengi wa kichomi. Naomba hilo lisisahaulike katika yote nitakayosema baadaye. Lakini boksi lilikuwa moja kwa wote. Zahanati ya nyanda za juu kwenye kahawa na baridi, ambako watu wanakohoa Juni na Julai, ilipata sawa na zahanati ya bonde la Rukwa kule Kamsamba kwenye joto na mbu. Kwa hiyo dawa iliyoandikwa ilifuata boksi kuliko ilivyofuata ugonjwa. Ungesoma daftari la wagonjwa la siku zile ungejua ni wiki ya ngapi bila kutazama tarehe. Wiki ya kwanza, kikohozi kilipewa sindano ya PPF au vidonge vya kotrimoksazoli. Wiki ya nne, kikohozi kile kile kilipewa aspirini na maneno ya upole. Na jambo ambalo lilinifikirisha sana nikiwa kijana ni kwamba watoto wenye mafua ya kawaida walipona katika wiki zote mbili. Wenye nimonia ndio hawakuweza kuingoja wiki ya kwanza irudi.

Hiyo ndiyo sera, ndugu zangu. Waziri hakumwandikia mtoto yeyote dawa. Aliamua tu boksi liwe na nini na lije lini.

Miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Sera ya taifa ya dawa ilitoka 1991, na mwaka huo huo matibabu ya binafsi ya biashara, yaliyokuwa yamepigwa marufuku 1977, yakaruhusiwa tena. Mwaka 1993 ikaja sheria ya kuunda Bohari ya Dawa, na pia mgonjwa akaanza kuchangia gharama. Baadaye mtindo wa boksi moja kwa wote ukaachwa, zahanati zikawa zinaagiza zenyewe kadiri ya mahitaji yake. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha zikaanza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, na mwaka 2018 mfumo wa mshitiri, ulioanzia Dodoma 2014, ukasambazwa nchi nzima, ili kituo kikikosa dawa Bohari kinunue kwa mfanyabiashara aliyeidhinishwa na mkoa. Hayo ni maendeleo makubwa. Nayapita haraka kwa sababu mengi mnayajua, na wengine wenu mmekaa kwenye kamati za zahanati.

Ila kuna herufi moja ndogo ambayo haijulikani sana, nayo ina nguvu kuliko hotuba. Katika mwongozo wa matibabu wa taifa na orodha yake ya dawa muhimu, ambao toleo lake la 2021 mtalikuta kwenye meza za matabibu, kila dawa imepewa herufi ya ngazi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya halmashauri, D hospitali ya rufaa ya mkoa, na S ni hospitali za juu zaidi. Tabibu wa zahanati hata akipenda vipi hawezi kuagiza dawa ya herufi S. Shirika la Afya Duniani nalo tangu 2017 limezigawa antibayotiki katika makundi matatu: za kutumika kwanza, kama amoksilini; za kuangaliwa kwa makini, kama sindano ya seftriaksoni; na za akiba, ambazo hazipaswi kuguswa ila pale nyingine zote zimeshindwa. Mwaka 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki zinazotumiwa na binadamu ziwe za kundi la kwanza. Ninyi wanafunzi wa sayansi, shikeni hilo neno "za akiba". Ni kama mbegu inayotunzwa darini. Mwenye akili haili hata njaa ikibisha hodi.

Sasa nije kwenye homa, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye kisa chenyewe.

Kwa muda mrefu katika nchi hii homa ilikuwa malaria mpaka ithibitishwe vingine. Mgonjwa akiwa na joto, alipewa klorokwini. Klorokwini ikashindwa, serikali ikaiondoa 2001 na kuweka SP. Hiyo nayo ikachoka, na mwisho wa 2006 ikaja dawa mseto. Dawa mseto ni ghali, hivyo ikawa lazima kuhakikisha kwamba anayeipewa ana malaria kweli. Ndipo kati ya 2009 na 2012 vikasambazwa vipimo vya haraka, vile vya tone la damu kwenye kikaratasi, mpaka zahanati za mwisho kabisa. Sera nzuri, yenye hesabu nzuri, na matumizi ya dawa za malaria yalishuka sana.

Lakini fikirini kile chumba. Mama amebeba mtoto tangu alfajiri. Kipimo kinasema hakuna malaria. Mtoto bado anawaka moto. Tabibu ana wagonjwa arobaini mlangoni. Kipimo kimemwambia ugonjwa usio. Ugonjwa uliopo hakikumwambia. Na katika kabati kuna amoksilini. Mnadhani ataandika nini?

Watafiti walilipima jambo hilo Dar es Salaam na kulitangaza 2011. Kabla ya vipimo kuletwa katika vituo walivyovichunguza, wagonjwa 49 katika kila mia waliandikiwa antibayotiki. Baada ya vipimo, walifika 72. Mlango wa malaria ulifungwa, watu wakatokea mlango wa pili.

Je, hao watoto walikuwa na vijasumu vya kuuawa? Utafiti mwingine, uliofanyika 2008 Dar es Salaam na Ifakara kwa watoto 1,005 wenye homa, ulitafuta chanzo cha kila homa kwa vipimo ambavyo zahanati haiwezi kuviota. Asilimia 70.5 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Wenye ugonjwa wa bakteria walikuwa asilimia 22, na wenye ugonjwa wa vimelea, malaria ikiwa kubwa, asilimia 10.9. Wengine walikuwa na zaidi ya kimoja, ndiyo maana hesabu inavuka mia. Virusi havisikii antibayotiki hata ukimeza debe.

Siyo kwamba tabibu hana njia. Mwongozo wa magonjwa ya watoto, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuuanza katikati ya miaka ya 1990, unamwambia ahesabu pumzi za mtoto dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi miwili mpaka kumi na moja, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Wa mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Chombo kinachohitajika ni saa yenye mshale wa sekunde. Nimeifundisha kazi hiyo kwa vijana wengi, na nawaambia: dakika moja ni ndefu mno foleni ikiwa mpaka nje kwenye mwembe. Serikali iliandika mwongozo bila kuongeza mikono ya kuufuata. Hapo ndipo sera nyingi hukwama, mwongozo ukiwa sahihi kabisa na watumishi wakiwa wawili.

Kwa watu wazima hali ni hiyo hiyo, isipokuwa maneno yamebadilika. Siku hizi mtu akipima malaria akakosa, hataki kurudi mikono mitupu, ataambiwa ana taifodi au yutiai. Nani hapa hajawahi kuambiwa ana yutiai? Kipimo cha taifodi kinachotumika sana, kile cha Widal, huweza kuonyesha alama kwa mtu asiye na taifodi kabisa, hasa sehemu ambazo watu wameshakutana na vijasumu vya namna hiyo tangu utotoni. Lakini kipo, ni cha bei nafuu, mgonjwa anakiamini, na majibu yake yana kalamu nyekundu. Sipro inaandikwa.

Niwape na habari njema, maana iko jirani. Kati ya mwisho wa 2021 na 2022 vituo 40 vya afya na zahanati katika mikoa ya Mbeya na Morogoro viliingia katika jaribio. Nusu viliendelea kama kawaida. Nusu vilipewa kishikwambi chenye kumwongoza tabibu swali kwa swali, kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, na vipimo vichache vya tone la damu, kimojawapo cha kuonyesha kama mwili unapambana na maambukizi makali. Matokeo yalichapishwa 2024. Katika vituo vya kawaida watoto 70 katika kila mia waliandikiwa antibayotiki. Katika vile vyenye msaada, 23. Na walipofuatiliwa siku ya saba, watoto wa vituo vya 23 hawakuwa wagonjwa zaidi ya wale wa vituo vya 70. Mbeya pale, ndugu zangu, mwendo wa basi la asubuhi. Matabibu wale walisoma vyuo vile vile. Kilichobadilika ni kile walichopewa mezani.

Nchi tajiri nazo zina kisa chao. Uingereza mwaka 2014 Mganga Mkuu wa Serikali aliziandikia barua zahanati zilizokuwa zikiandika antibayotiki nyingi kuliko nyingine, akaziambia tu kwamba asilimia 80 ya zahanati za eneo lao zinaandika chache kuliko wao. Barua hiyo peke yake ilishusha matumizi kwa asilimia 3.3. Nasema hivi kwa Waganga Wakuu wa halmashauri walioko hapa: bahasha si ghali.

Tutoke zahanati twende mtaani. Tunduma ni mji wa zaidi ya watu laki mbili, na kati yake na Nakonde ya Zambia ni hatua chache. Reli ya TAZARA inapita, barabara kuu ya kwenda Zambia inapita, na tangu Oktoba 2019 kituo kimoja cha pamoja cha mpakani kinafanya kazi. Malori yanapanga foleni, madereva wanangoja, na anayengoja huugua kama mtu mwingine yeyote, isipokuwa yeye hana muda wa kukaa benchi la kituo cha afya. Ataenda dukani.

Duka nalo ni mtoto wa sera. Zamani tulikuwa na maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria yangeuza dawa zisizo kali tu, lakini chini ya kaunta kulikuwa na kila kitu. Serikali ikaona heri kuliko kufumba macho, ifundishe. Mwaka 2003 Ruvuma ilianza na Duka la Dawa Muhimu: mwenye duka amesajiliwa, muuzaji amepata mafunzo, na orodha maalumu ya dawa za cheti imeruhusiwa, zikiwamo antibayotiki chache kama amoksilini, kotrimoksazoli na doksisaiklini. Mpango ukasambaa mikoa mingine. Leo maduka hayo yako chini ya Baraza la Famasi, na dawa yenyewe inaangaliwa na TMDA. Naliunga mkono Duka la Dawa Muhimu kwa moyo wote. Kuna vijiji vya Momba ambako bila duka hilo mtu angekosa hata panado.

Lakini sheria inasema cheti, na mteja ana shilingi elfu moja. "Nipe za elfu." Hapo kidonge kinauzwa kwa uzito wa mfuko, wala siyo kwa uzito wa ugonjwa. Anapewa rangi mbili sita, anazimeza siku mbili, homa inashuka, zilizobaki anaweka mfukoni kwa ajili ya siku nyingine au kwa ajili ya jirani. Muuzaji akikataa, mteja anavuka upande wa pili na kurudi kabla chai haijapoa. Nchi mbili zina sheria mbili na wakaguzi wawili, lakini Mnyamwanga wa huku na wa kule ni mtu na shangazi yake. Mkaguzi akibana upande mmoja tu, anakuza biashara ya upande wa pili.

Na siyo kila matumizi makubwa ni mabaya, hili nalo niliseme. Mjini Tunduma magonjwa ya zinaa yametibiwa miaka mingi kwa dalili bila kungoja maabara: mwenye dalili fulani hupewa dawa za vijasumu vyote vinavyoweza kuleta dalili hiyo, mara moja, palepale. Sera hiyo ina mizizi Mwanza, ambako jaribio lililofanyika kati ya 1991 na 1994 lilionyesha kuwa tiba ya namna hiyo katika zahanati za kawaida ilipunguza maambukizi mapya ya UKIMWI kwa karibu asilimia 40. Antibayotiki zilizotumika kwa mpango zikawakinga watu na ugonjwa ambao wakati ule haukuwa na dawa. Vivyo hivyo kotrimoksazoli ya kila siku kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Hapo serikali imeongeza matumizi kwa makusudi, na imefanya vema.

Bei yake ni kwamba vijasumu vinajifunza. Kisonono kiliiona sipro mara nyingi mno, katika dozi kamili na katika nusu dozi za elfu moja, mpaka mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likasema sipro isitumike tena kwa kisonono, mgonjwa achomwe seftriaksoni. Nilimtibu dereva mmoja aliyekuja na kikaratasi alichoandika mwenyewe majina ya dawa alizomeza tangu Dar es Salaam: maduka manne, miji minne, dawa tatu tofauti. Alikuwa mtu makini, kila kitu kakiandika na tarehe. Hakuna hata moja iliyofika siku ya mwisho. Alipona kwa sindano. Siku sindano hiyo nayo itakapozoewa, kabati la zahanati halina ya kuifuata.

Bima naigusa tu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioanza 2001 umelipa vituo kwa kila huduma na kila dawa, na kituo cha binafsi kinacholipwa kwa kila dawa kina sababu ya kuipenda karatasi ndefu. Upande wa pili mfuko huo huo hukagua madai na kukataa dawa isiyo katika orodha yake, na nimeona wenye vituo waliodharau mwongozo wa taifa miaka kumi wakiusoma usiku kucha baada ya madai yao kurudishwa mara moja. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge 2023. Jinsi itakavyolipa vituo ndivyo vyeti vitakavyoandikwa.

Ninyi vijana mnaweza kuniuliza, mzee, ubaya uko wapi hasa? Nijibu kwa takwimu za Muhimbili. Mwaka 2001 na 2002 watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa pale wakiwa na maambukizi ya damu. Wale wenye vijasumu vya kundi ambalo maabara huliita gramu hasi walifariki asilimia 43.5. Wenye malaria walifariki asilimia 20.2. Na kilichoongeza vifo, mbali na ugonjwa wenyewe, ni vijasumu kuwa sugu kwa dawa waliyopewa. Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Dunia nzima, mwaka 2019, watu wanaokadiriwa kufika milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya usugu. Nchi yetu ilitoa mpango wake wa kwanza wa kupambana na usugu mwaka 2017, unaogusa binadamu na mifugo pamoja, maana kuku wa Tunduma nao wanakunywa antibayotiki kwenye maji bila cheti, halafu tunawala sisi.

Basi nirudi kwenye sanduku la rafiki yangu.

Kwanza, chumba cha wagonjwa cha shule hakijasajiliwa kuwa zahanati wala duka. Antibayotiki ni dawa ya cheti. Tukiziweka pale, ni patroni atakayezigawa, naye ni mwalimu wa jiografia, tena mzuri. Pili, tutakuwa tumerudisha lile boksi la 1984, safari hii bila tabibu: likijaa, kila kikohozi kitapata, likiisha, mwenye nimonia atakosa. Tatu, najua yanayotokea mabwenini, kwa kuwa mabweni ni yale yale. Kidonge kilichobaki hakitupwi. Kinaingia kwenye tranka, kinatoka kwa ajili ya jino la mwenzako, kisha kwa ajili ya chunusi za mwingine.

Na yule kijana aliyekohoa wiki nzima hakukosa kidonge. Alikosa mtu wa kuhesabu pumzi zake, na usafiri.

Kwa hiyo napendekeza fedha zile zile ziende hivi. Vipimajoto vinne, kwa sababu kilichopo kimoja kimevunjika. Saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, ndani ya chumba cha wagonjwa. Panado, maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na bandeji. Siku mbili za mafunzo kwa patroni, matroni na viongozi wa mabweni kuhusu dalili za hatari: pumzi za haraka, kifua kubonyea, shingo kukakamaa, kushindwa kunywa, degedege. Mafunzo hayo nitayatoa mimi bila posho, ila chakula cha mchana msininyime. Bima kwa wanafunzi wa bweni wasio nayo, na Mkuu wa Shule anayo orodha yao. Mwisho, makubaliano ya maandishi na kituo cha afya kilicho karibu pamoja na mwenye gari mmoja, ili kijana mwenye dalili za hatari afikishwe usiku ule ule na kuonwa na mtu mwenye mwongozo, vipimo na haki ya kuandika cheti.

Hoja yangu nimeiandika ukurasa mmoja na iko kwa Katibu. Kiasi cha mafuta ya gari la usiku nimekiacha wazi, kwa kuwa Mweka Hazina anajua bei za leo kuliko mimi. Naomba ijazwe kabla ya kura ya saa kumi.